Grupu la Familia ya Tororo: Daudi amekataa kusali usiku

*Jumanne usiku*

Mama Daudi: Shikamoo Mama, shikamooni wakubwa wote. Naomba niwaulize kitu maana hapa Jinja niko peke yangu na watoto, Baba Daudi bado yuko njiani na lori. Daudi amekataa kusali usiku. Siyo ule uvivu wa kawaida wa watoto hapana, ukimwambia tu haya mikono pamoja tusali anajifunika shuka mpaka kichwani anaanza kulia, na ukimshika unasikia mwili unatetemeka. Chakula anabariki vizuri tena kwa sauti. Shida ni usiku. Ilianza tuliporudi kutoka mazishi ya Babu

Shangazi Grace: Bambi. Pole wifi. Ukimuuliza anasema nini?

Mama Daudi: Hasemi kitu. Sitaki sitaki basi

Anko Moze: Shemeji usimwendekeze. Sisi kwa Mzee nani alikuwa anaulizwa kama anataka? Saa mbili chemli katikati, wote magotini, ukisinzia unafinywa sikio na sala inaanza upya. Na mpaka leo tunasali. Mtoto wa miaka 5 akianza kuchagua, akifika 15 utampeleka kanisani kwa kamba?

Shangazi Grace: Moze, sikio nalikumbuka vizuri, lakini mimi siyo sikio lililonifundisha kusali. Kilichonifundisha ni alfajiri, saa kumi na moja, Mzee anasali peke yake pale sebuleni akidhani wote tumelala, anatutaja mmoja mmoja. Grace na kifua chake. Moze na hesabu zake. Unakumbuka? Nilikuwa nakaa kimya kabisa kitandani nasubiri jina langu lifike. Hapo ndipo nilipojua kwamba huyu mtu anaongea na mtu anayemsikia, hakuna aliyekaa akanifundisha hilo. Watoto wetu wa leo wanatusikia wapi tukisali wenyewe? Sisi tunasali kwenye gari, tunasali kimoyomoyo, halafu mtoto tunamwambia haya piga magoti usali mbele yetu

Anko Moze: Nakumbuka. Na hesabu nilishindwa vilevile 😂 lakini ni kweli alikuwa ananitaja

Baba Kizito: Habari za jioni wakwe zangu. Sisi Wakatoliki tunaanza na mwili kabla ya maneno. Kizito wangu hajajua hata kuongea vizuri alikuwa anajua kugusa paji la uso, kifua, bega hili na bega hili, basi, hiyo ndiyo ilikuwa sala yake nzima na inatosha. Maneno yalikuja yenyewe baadaye. Kama maneno ndiyo yanamtisha Daudi, muondolee maneno kwanza. Kaeni tu pamoja kimya kidogo mseme amina

Mama Daudi: Sisi ishara ya msalaba hatufanyi shemeji ila hiyo ya kukaa kimya nimeipenda

Anko Moze: Au msomee habari za Mashahidi wa Namugongo, wale waliochomwa moto kwa ajili ya imani yao, apate moyo. Kizito mwenyewe alikuwa kijana wa miaka kama 14 tu na hakuogopa

Baba Kizito: Moze hapana, siyo kwa mtoto aliyetoka kwenye mazishi, na siyo usiku. Mimi wangu nimempa jina hilo na tarehe 3 Juni huwa tunaenda Namugongo tukipata nafasi, lakini habari za moto bado sijamwambia zote. Nilichomwambia ni kwamba Kizito alitamani sana kubatizwa na shahidi mwenzake Karoli Lwanga akambatiza kabla hawajapelekwa kuuawa. Mengine atayasikia akikua

Bibi Tororo: Huyu ni Esta naandika, Bibi anasema nimwandikie. Anasema: Mama Daudi mwanangu usimuulize kwa nini. Mtoto hajui kwa nini. Muulize anasali maneno gani, msikilize maneno yenyewe. Na usimuulizie kitandani, muulize mchana mkiwa na kazi mikononi

Mama Daudi: Asante Mama. Kesho

*Jumatano*

Mama Daudi: Jamani. Nimekaa hapa mikono imeishiwa nguvu ngoja niandike yote. Leo nilikuwa namenya matoke nje, yeye kakaa juu ya jerikeni karibu yangu anachezea maganda. Nikachukua mwanasesere wa dada yake Neema nikamwambia haya huyu anataka kulala, msalishe. Akamlaza kwenye kitenge vizuri, akamfumba macho, akaanza ile sala ya Kiingereza wanayofundishwa shule ya nasari, ile ya sasa najilaza nilale Bwana nitunzie roho yangu, na kama nikifa kabla sijaamka Bwana ichukue roho yangu. Yote kwa kichwa bila kukosea. Alipofika amina akamnyakua yule mwanasesere juu akamkumbatia ananiambia mama asilale, akisali akilala hataamka, ataenda kama Babu. Nikamuuliza nani kakwambia. Akasema Babu alikuwa kitandani, pasta akaja akasali, halafu watu wakasema Babu amelala, halafu wakamweka kwenye sanduku

Shangazi Grace: Yesu wangu

Baba Kizito: Maskini mtoto. Kwa akili yake amepanga sawasawa kabisa

Anko Moze: Basi hapo kiboko hakina kazi

Shangazi Grace: Wifi kwanza umefanya vizuri sana. Sasa nisikilize, nafundisha Sande skuli miaka mingi na hii sala naijua. Ni ya zamani mno, ilikuwa kwenye vitabu vya watoto wa Kiingereza huko Marekani tangu karne ya 18, wakati huo watoto walikuwa wanakufa wengi sana na wazazi walitaka mtoto awe tayari. Waliiandika kwa upendo. Ila mtoto wa miaka 5 usimpe neno kifo liwe la mwisho kabla taa haijazimwa, hasa huyu aliyeona sanduku juzijuzi. Kuna maneno ya kulala ndani ya Biblia yenyewe, Zaburi ya 4 mstari wa 8, "Katika amani nitajilaza, na kupata usingizi mara." Mfundishe hayo tu, usiongeze. Na lile la Babu amelala lirekebishe mapema, kwa maneno ya wazi, bila kuzungukazunguka. Mwambie Babu hakulala. Babu alikufa. Mwili wake ulikuwa umeugua sana ukaacha kufanya kazi, haupumui, hausikii baridi wala maumivu. Kulala ni kitu kingine, wewe ulilala jana na umeamka leo, umekula chapati. Mwambie na pia pasta hakusali ili Babu afe, alikuja kwa sababu Babu alikuwa mgonjwa tayari

Mama Daudi: Nitamwambia. Lakini wifi kuna lingine ameniuliza na hapo nilikosa jibu. Kwamba sisi wote tulimuomba Mungu Babu apone, yeye pia aliomba. Sasa mbona hakupona?

Anko Moze: Mwambie Mungu alimpenda Babu zaidi akamchukua

Shangazi Grace: Hapana Moze tafadhali. Nilimsikia mama mmoja akimwambia mtoto hivyo, yule mtoto akaanza kuogopa kupendwa na Mungu. Ukimwambia Mungu huwachukua anaowapenda atakaa anasubiri zamu yake, au ya mama yake

Baba Kizito: Na usimwambie hatukuomba kwa imani ya kutosha. Huo ni mzigo ambao hata mtu mzima haubebi

Bibi Tororo: Esta tena. Bibi ameomba nimsomee meseji zote mara mbili. Alinyamaza halafu akasema niandike anavyosema nisibadilishe. "Mwambieni Daudi na mimi niliomba apone. Niliomba usiku na mchana, niliomba kuliko nyinyi wote maana ni mume wangu. Sikupewa. Mwambieni Bibi hajui kwa nini na pasta naye hajui. Na mwambieni Bibi bado anaongea na Mungu kila asubuhi, siku nyingine anashukuru, siku nyingine anamlalamikia tu, na Mungu hajamfukuza. Yesu mwenyewe kule Gethsemane aliomba kikombe kile kimwepuke na hakikumwepuka, na alikuwa Mwana. Mtoto akiuliza kitu usichokijua mwambie sijui, njoo tumuulize Mungu pamoja. Akitaka kumkasirikia Mungu mwacheni amwambie mwenyewe, Zaburi zimejaa watu waliokasirika."

Shangazi Grace: Mama 🙏🏾

Baba Daudi: Nimesoma zote niko foleni hapa Malaba netiweki inakuja inaondoka. Mama asante. Mama Daudi usimsalishe kitandani tena kwa sasa, msali kwenye mkeka baada ya chakula, taa ikiwa inawaka na watu wote wapo, kitandani aende kulala tu. Kesho saa moja usiku nitapiga simu, nisali mimi kwanza, asikie sauti yangu, nisimlazimishe aseme chochote

Shangazi Grace: Hiyo kaka yangu ni hekima. Na kama akitaka kusema mpe mkono wake mwenyewe awe anashika vidole. Gumba kiko karibu na kifua, hapo anawaombea watu wa nyumbani. Cha kuonyeshea, walimu na madaktari wanaotuonyesha njia. Kile kirefu cha kati, viongozi. Cha pete mwambie ajaribu kukinyanyua peke yake, ataona hakina nguvu, basi hapo anawaombea wagonjwa. Cha mwisho kidogo ni yeye mwenyewe. Watoto wangu wa Sande skuli wanaipenda sababu mikono ina kazi na hawasahau. Asifike vidole vyote kila siku, kimoja kinatosha, Yesu mwenyewe alikataza kupayukapayuka

*Ijumaa asubuhi*

Mama Daudi: Habari za asubuhi. Jana usiku Baba Daudi alipiga, tukaweka simu katikati ya mkeka. Alisali kwa ufupi sana, akashukuru kwa ajili ya Babu, akamtaja Neema, akamtaja Daudi na jino lake linalotingishika. Daudi akacheka aliposikia jino. Baadaye akashika kidole gumba akasema Mungu breki za lori la baba zisiharibike, amina. Basi. Akaenda kulala hakulia. Alinishika kitenge mpaka usingizi ukamchukua nikamwacha ashike

Baba Daudi: Na breki ziko salama mwambie

Anko Moze: Amina amina

Mama Daudi: Asubuhi ameniuliza kama anaweza kumtaja Babu kwenye gumba bado

Baba Kizito: Kwetu ndiyo, tunawaombea marehemu kila siku, apumzike kwa amani

Shangazi Grace: Sisi kwetu hatuwaombei hivyo, tunamshukuru Mungu kwa ajili yao

Anko Moze: Msianze hapa tafadhali

Bibi Tororo: Bibi anasema mtoto amtaje Babu yake. Aseme asante kwa Babu. Hilo hakuna kanisa linalolikataa

Baba Kizito: Mama umemaliza

Mama Daudi: Sawa Mama. Halafu nilipita nasari nikaongea na ticha, ni binti mpole sana, akasema hiyo sala alifundishwa na yeye akiwa mdogo hajawahi kufikiria maneno yake. Amekubali darasa lao wabadilishe wasali Baba Yetu kabla ya kurudi nyumbani. Wifi nimfundishe vipi Baba Yetu nyumbani, ni ndefu kwake?

Shangazi Grace: Usimpe yote. Kipande kimoja, mkae nacho wiki nzima mpaka akijue kwa maisha yake siyo kwa kichwa tu. Hata wanafunzi walikuwa watu wazima na walimwomba "Bwana, tufundishe sisi kusali." Anza popote anapopaelewa

Mama Daudi: Basi tunaanza na "utupe leo riziki yetu" maana chakula anakijua. Leo kuna maharage na posho (ugali) atasali kabla sijaipua

Anko Moze: Shangazi ile ya vidole nitumie kwa vois, wa kwangu ana miaka 4 na mimi jioni narudi mapema