Dar mpaka Matema na IST: nipite Kitonga au nizungukie Dodoma?

BabaPacha
Wakuu habari za saa hizi. Naombeni ushauri wa njia. Shule zikifunga mwezi wa 12 nataka kuipeleka familia Matema, ufukweni Ziwa Nyasa, niko mimi na wife, mapacha wetu wa miaka 9 na mama mkwe. Gari ni Toyota IST, haijainuliwa wala nini. Mbeya nimeenda sana ila ni kwa basi, nalala kuanzia Chalinze naamka Makambako, kwa hiyo hiyo nchi siijui kabisa, najua tu chipsi kavu za pale tunaposimama dakika kumi.

Safari hii sina haraka, nina siku 9, nataka watu waone vitu. Kuna ile ya kawaida ya Morogoro, Mikumi, mlima Kitonga, Iringa. Jamaa wa ofisini anasema zungukia Dodoma upite Mtera mpaka Iringa, eti malori machache na ni pazuri. Halafu wife kaona picha za maua ya hifadhi ya Kitulo, sasa haambiliki. Mama mkwe ana presha na kona haziwezi. Ipi ni ipi?

Mzee_wa_Rodi
Mkuu, Dodoma unajiongezea kilomita kama 200 kufika Iringa hiyo hiyo, lakini kama siku unazo hilo sio tatizo. Tatizo la wengi sio njia, ni saa. Watu wanatoka Dar saa kumi alfajiri wanataka walale Mbeya, kilomita 830, wanapita mbugani jua la utosi wanyama wote wako kivulini, wanafika mbele kiza kishaingia, af wanarudi mjini wanasema barabara ya kusini haina kitu. Ina kitu bwana, wewe ulikuwa unakimbizana na tochi za trafiki.

Mikumi lala mjini pale pale, kuna lodge za bei zote. Barabara kuu inakata katikati ya hifadhi kama kilomita 50 na kupita hulipi kiingilio. Mji uko ng'ambo ya hifadhi ukitokea Dar, kwa hiyo saa 12 na nusu asubuhi rudi nyuma uingie, mwendo wa pole, utaona pundamilia, twiga, na ukiwa na bahati tembo wanavuka mbele yako. Usishuke kwenye gari, na usiwape nyani ndizi hata watoto walie. Ukimgonga mnyama kuna faini, twiga sio bei ya kuku.

Toka hapo mpaka Ruaha Mbuyuni ndo kipande ninachokipenda kuliko vyote. Mto Ruaha unaenda pembeni yako, mibuyu imejaa mlimani mikubwa na midogo, mwezi wa 12 ikinyesha inakuwa na majani ya kijani, tofauti kabisa na ile mikavu ya kwenye picha. Pale Mbuyuni vitunguu vimening'inizwa barabarani kwenye vijiti, vyekundu vinang'aa, huwezi kupita bila kusimama.

Kitonga sasa. Kupanda ni rejeta, angalia maji kabla hujaanza, ukikuta lori linajikokota mbele yako tulia nyuma yake, usijaribu kulipita kwenye kona. Kushuka ni breki. Mimi mwenyewe niliwahi kushuka na gari ya shemeji, oto, nimeiacha kwenye D nakanyaga breki kona baada ya kona, nikasikia harufu kama plastiki inaungua, kucheki kioo cha pembeni moshi unatoka gurudumu la mbele. Nilikaa pembeni saa nzima na shemeji hajui mpaka leo. Tia gia ndogo, 2 au L, injini ndo ikushike.

DadaWaDom
Huyo jamaa wa ofisini mpe soda. Mimi Dodoma Iringa napita kila mara kwenda kwa wakwe, lami tupu, gari unazihesabu kwa vidole. Bwawa la Mtera unaliona hapo hapo barabarani, maji mpaka macho yanachoka, akina mama wanauza samaki wa kukaanga wamepangwa kwenye beseni, unakula kwa mkono umeegemea boneti. Baadae unapanda Nyang'oro, ni kona kona ila sio kama Kitonga, na malori ya Tunduma hakuna. Kwa mama mwenye presha mimi ningeenda kwa huku. Hoteli katikati ya njia usitegemee, beba maji, na jaza mafuta Dodoma.

Mnyaki_Halisi
Ndaga. Nyie wote mnaishia Iringa, mwenzenu anaenda Matema! Uzuri wenyewe unaanza Uyole.

Ukikata Uyole kuelekea Tukuyu funga vioo, baridi hiyo, na ukungu mwezi wa 12 unaweza kushuka mchana kweupe. Mlima Rungwe uko kushoto kwako, chai imekatwa kama zulia, migomba mpaka kwenye milango ya watu, kila kona kuna mtoto na ndoo ya parachichi. Daraja la Mungu mto Kiwira msiliruke, ni mwamba umejitandaza juu ya mto wenyewe tu, watoto watauliza maswali mpaka Kyela. Ukishapita Tukuyu barabara inateremka, joto linapanda, mnavua masweta mmoja mmoja. Kikusya kata kushoto kwenda Ipinda mpaka Matema, milima ya Livingstone imesimama kama ukuta imeingia ziwani. Jumamosi ikiwakuta huko nendeni Lyulilo kwenye soko, wanaleta vyungu vya Wakisi kwa mitumbwi.

Kitulo shemeji asinichukie. Maua na tope vinakuja msimu mmoja, ndo maua yenyewe yanavyotaka. Wakikwambia upande kwa Chimala kwenda Matamba kataa, ile njia inaitwa Hamsini na Saba kwa sababu ya idadi ya kona, na mvua ikinyesha hiyo IST itageuka yenyewe kurudi Dar. Kodi gari ya juu Mbeya kwa siku moja na dereva wa huko huko, mama abaki hotelini anakunywa chai.

BabaPacha
Asanteni sana, naona sasa. Nilichowaza: tunaenda kwa Kitonga, tunarudi kwa Mtera, yote tumeyaona, na kushuka Kitonga nimekukwepa kabisa. Nimemsomea mama mkwe uzi wote, kona hazikumshtua. Kauliza kimoja tu, kama tunarudi kwa Dodoma yeye vitunguu vyake vya Ruaha Mbuyuni atanunua saa ngapi.

DadaWaDom
😂😂 Anunue wakati wa kwenda, azunguke navyo Matema.

Mnyaki_Halisi
Siku 9 na vitunguu kwenye buti, joto la Kyela? Mtalala nje ya gari.

Mzee_wa_Rodi
Mama ana akili kuliko sisi wote, geuza safari. Nenda kwa Dodoma, rudi kwa Kitonga. Na kitu ambacho sikukisema mwanzo, kwa kupanda dereva unatazama ukuta wa mlima na matako ya lori, bonde lote liko mgongoni. Kwa kushuka bonde lote liko mbele ya kioo. Toka Iringa asubuhi breki zikiwa za baridi, gia ndogo kama nilivyosema, kuna sehemu pana ya kupaki watu wapige picha. Vitunguu mnavikuta chini. Mnalala Mikumi, kesho yake alfajiri mnapita mbugani kuelekea nyumbani.

BabaPacha
Imepita hiyo. Buti lenyewe la IST mnalijua lakini, begi tatu limejaa. Mama kasema begi la kwangu litakaa miguuni kwa watoto.