Naomba ushauri: paka wa kumliwaza mgonjwa wa sonona, Ujiji

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Kuna mgonjwa wa sonona aliyepanga chumba Ujiji, uwani wanaishi watu wengi. Tunapanga afuge mnyama wa kumliwaza sambamba na matibabu. Dawa haachi: nyingi huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuleta nafuu, na mnyama hashiki nafasi yake.

Mbwa tumemwondoa kwenye mpango. Majirani wengi ni Waislamu, mate yake yakigusa nguo za sala ni usumbufu kwao, nao wanastahili heshima. Basi paka, wa miezi 3 au zaidi, apewe dawa ya minyoo na achanjwe kichaa cha mbwa (paka naye huambukiza). Kinyesi kitolewe kila siku, kwa sababu vimelea vya toksoplasma (hutoka kwenye kinyesi cha paka na huweza kudhuru mimba) huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili ndipo viweze kuambukiza. Mjamzito asikiguse kabisa. Paka aking'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Ninapokwama ni kwa mwenye nyumba. Marekani, barua ya mtaalamu wa afya ya akili huweza kumpa mpangaji nguvu kisheria ya kufuga mnyama wa kumliwaza. Hapa naona iwe ombi la kiungwana. Je, iandikwe bila kutaja ugonjwa? Nahofia asije akafukuzwa kwa unyanyapaa. Na siku akizidiwa hata kuamka hawezi, paka alishwe na nani: tumtaje ndugu mmoja kwa maandishi tangu mwanzo?