Nyumba ya bibi Kiponda: nimwage zege badala ya boriti?

Mjukuu_Kiponda: Assalam alaykum. Tumerithi nyumba ya ghorofa moja Mji Mkongwe, ya mawe na chokaa. Chumba cha juu cha upande wa uchochoroni kinavuja tangu masika. Juzi nimechoma boriti kwa bisibisi, ikazama mpaka mpini. Fundi anasema tung'oe dari yote tumwage zege, kuta tupige lipu ya saruji, kisha tupandishe chumba cha wageni juu. Madirisha ya alumini. Mjomba anasema pale mtu hajengi apendavyo. Hata ndani? Nani atajua?

Fundi Mstaafu: Waalaykum salaam, mwanangu. Wa kwanza kujua ni ukuta. Yale ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Yakinywa maji, huyatoa taratibu kupitia chokaa. Ukishayabandika saruji maji hayana pa kutokea, chumvi inasukuma kutoka ndani, lipu inavimba, ukiigonga inalia kama debe. Nimezibandua nyingi, baadhi nilizipiga mwenyewe ujanani. Zege nalo ni zito, ukuta ule haukujengwa kulibeba. Umeona vyumba vya bibi vilivyo vyembamba? Upana umefuata urefu wa boriti. Iliyooza itoe, weka nyingine ya mkoko, upande kwa upande. Lakini kwanza tafuta maji yanatoka wapi. Mimi nashuku bomba la choo.

Binti wa Vuga: Kaka, kibali hutolewa na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyopo tangu 1985. Na si cha ghorofa tu: dirisha, mlango, paa, kuvunja ukuta wa ndani, vyote unaomba kabla ya kugusa. Peleka michoro na picha za hali ilivyo sasa. Alumini usijisumbue, wanataka mbao. Chumba cha juu pia usikipigie hesabu ya kodi, urefu wa nyumba unadhibitiwa. Mji uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000, na tangu jumba la Beit al-Ajaib hapo Mji Mkongwe liporomoke upande mmoja Desemba 2020, sidhani kama kuna anayeuchukulia uzito wa paa mzaha.

Mjukuu_Kiponda: Mzee, umepatia. Nimepanda leo: bomba la choo limepasuka nyuma ya ukuta, boriti tatu chini yake zimelowa, nyingine kavu kabisa. Fundi nimemwambia asubiri, kanuna. Dada, picha nishapiga. Mlango wa mbele una nakshi, nao umeliwa na mchwa chini. Huo nao niuandike kwenye ombi hilohilo?

Binti wa Vuga: Uandike. Na usimruhusu mtu aupige rangi.