Mjadala: Je, filamu za magari na mapigano zizuiwe kwenye mabanda ya video jijini Mbeya?

Ndugu wachangiaji,

Naomba nianze na hoja ninayoipinga. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, mwalimu mstaafu ambaye ni jirani yangu hapa Mwanjelwa, anashikilia kwamba mabanda ya video yazuiwe kuonyesha filamu za magari na mapigano, hasa mfululizo wa Fast & Furious, kwa sababu hazina fundisho lolote na zinawatia vijana wa bodaboda wazimu wa mwendo. Mimi nasema zibaki, wala sitazitafutia fundisho la kubandika ili zipate kibali. Zinafurahisha, na kwangu hiyo ni sababu tosha.

Tazameni mfululizo wenyewe ulikotoka. Filamu ya kwanza, ya mwaka 2001, ilihusu kundi la wezi waliovamia malori barabarani na kuiba deki za DVD. Deki, jamani, bidhaa ambayo leo ukiibiwa huendi hata polisi! Mwaka 2011 watu wale wale walikuwa wakiburuta sefu nzito kwa magari mawili katika mitaa ya Rio de Janeiro. Mwaka 2015 gari lao liliruka kutoka jengo refu hadi jingine huko Abu Dhabi. Na ilipofika mwaka 2021, wawili kati yao walipelekwa anga za juu ndani ya gari lililofungwa roketi. Raha yote iko hapo. Kila filamu mpya inajua kwamba tumeshauona uongo wa filamu iliyotangulia, kwa hiyo inalazimika kuja na mkubwa zaidi, nasi tunabanana kwenye mabenchi kuona safari hii watathubutu kufika wapi, huku msimuliaji anayetutafsiria kwa Kiswahili akiongeza chumvi yake mwenyewe. Sijapata kusikia mjukuu aliyemkatisha bibi yake katikati ya hadithi ya sungura na fisi ili amdai ushahidi.

Kuhusu mwendo, mtu aliyekulia kando ya barabara kuu iendayo Tunduma hahitaji filamu ndiyo ajue kwamba gari linaua. Tumepita Kitonga, tumeona malori yakiteremka taratibu kwa gia nzito, tumenusa breki zilizopata moto. Nimewahi kukaa bandani na madereva wa malori waliolala Mbeya wakielekea mpakani, na hao ndio waliocheka kuliko wote, kwa kuwa mikono na miguu yao inajua kabisa kwamba mambo yale hayawezekani. Kijana wa bodaboda naye, mkimuuliza kwa upole, atawaambia kwamba kinachomkimbiza ni hesabu ya mwenye pikipiki, anayeitaka fedha yake jioni, mvua inyeshe isinyeshe.

Mzee hunikumbusha pia kwamba Paul Walker, mmoja wa mastelingi wenyewe, alifariki kwa ajali ya gari lililokuwa katika mwendo mkali, Novemba 2013. Ni kweli, ingawa alikuwa abiria na hakuwa kazini. Filamu ya saba ilikuwa haijakamilika, na ndugu zake wawili wakasaidia kuigiza sehemu zilizobaki. Tulipofika mwisho wake, pale magari mawili yanapoachana njia, banda lililokuwa likipiga miluzi saa nzima lilinyamaza kimya. Watu hao hao waliocheka gari likiruka ghorofani walijua kifo kipi ni cha mchezo na kipi si cha mchezo.

Kuna jambo moja ninalokubaliana na mzee bila kusitasita, nalo ni watoto wa shule kukutwa bandani saa tatu usiku siku ya masomo. Hapo mwenye banda awajibishwe. Lakini hilo ni suala la umri na saa. Hata angeonyeshwa filamu ya kilimo bora cha viazi, mtoto yule angesinzia darasani kesho yake.

Basi wanaomuunga mkono mzee naomba wanieleze ni nani atakayekaa mlangoni kupima filamu ipi ina fundisho na ipi haina, na kama mechi ya mpira inayoonyeshwa Jumamosi kwenye banda lile lile, ambayo mzee mwenyewe haikosi, nayo itapimwa.