Mliovuka 55 huku Moshi na Arusha, maumivu yenu yana saa? Tupeane uzoefu

Ticha Mstaafu (mleta mada)
Wadau habari za jumapili, wakubwa shikamooni. Niko Pasua hapa Moshi. Naleta hii mada maana kila mzee ninayeongea naye ana lalamiko lilelile alafu kila mtu anadhani ni yeye peke yake. Zamani nasahihisha madaftari mpaka saa sita usiku, sikuizi taarifa ya habari ya saa mbili haijaisha kichwa kinaning'inia kwenye kochi, alafu saa tisa usiku macho kodo, nasikia mbwa wote wa mtaa. Asubuhi vidole vimekaza mpaka kifungo cha shati kinanishinda, ila nikishakunywa chai vinaachia na mchana naendesha baiskeli fresh tu. Sasa nyie wenzangu, yenu yana SAA au yanakuja hovyo? Sitaki orodha ya dawa, nataka saa.

Mama Kibosho
Yangu yana saa mwalimu. Saa kumi na moja alfajiri mikono haifungi kabisa, ili nikame ng'ombe inabidi niiloweke kwanza kwenye sufuria ya maji ya moto, ng'ombe mwenyewe ashazoea ananisubiri. Inaachia kwenye saa nne hivi, na jioni natoka shamba na mzigo wa majani kichwani kama msichana. Watoto wa mjini wakija mchana wananikuta mzima wanasema mama unadeka, waje saa kumi na moja waone! Mkwe wangu yeye anasema nimerogwa na jirani tuliyegombana mpaka wa kihamba. Nikamwambia mchawi gani huyo anaingia zamu ya alfajiri tu.

Kaka wa Majengo
Acheni mambo mengi, hiyo ni baridi ya mlimani.

Mama Kibosho
Jioni Kibosho kuna joto?

Tabibu wa Zahanati
😂 Mama shikamoo. Baridi inachangia kuuma ila haiwezi kueleza hiyo saa. Ubongoni, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna kituo cha seli kama 20,000 hivi, ndo saa kuu ya mwili, inapanga usingizi, joto, homoni, mpaka kinga. Usiku wa manane kuelekea alfajiri kemikali za kinga zinazoleta inflamesheni (ule uvimbe na maumivu), mfano IL-6, zinapanda, na homoni ya kotiso nayo inapanda kuzituliza. Kwa mwenye baridi yabisi ile ya kinga kushambulia maungio zinapanda mno, kotiso haitoshi, anaamka amekaza.
Mwalimu, ukikaza ukalainika ndani ya nusu saa mara nyingi ni maungio kusagika kwa umri. Ikipita saa zima, kila siku, mikono yote miwili, na imevimba, usikae nyumbani na dawa za maumivu za dukani (zinaumiza tumbo na figo za wazee), nenda ukapimwe. Mama, kutoka kumi na moja mpaka saa nne sio kudeka.
Sasa uzee unaongeza mambo mawili. Saa yenyewe inalegea, melatonini (homoni ya usingizi) inapungua, ratiba nzima inawahi, ndo maana ticha analala saa mbili anaamka saa tisa. Alafu kinga haizimiki vizuri, inabaki inaungua chini kwa chini kama jiko la maranda, huoni miali. Claudio Franceschi wa Italia na wenzake waliandika habari hiyo mwaka 2000. Na usingizi mbovu unauchochea huo moto, ni mzunguko.

Chalii wa Sakina
Aisee hapo kwa usingizi ngoja niseme ya babu yetu. Kutwa ndani, pazia zimefungwa, tv, akila mchana anasinzia mpaka saa kumi jioni, usiku anazunguka nyumba anafungua milango tukadhani ni akili zinaondoka. Shangazi akahamisha kiti chake barazani, kila asubuhi babu chai anainywea nje na kofia yake, mchana anasinzia kidogo tu anaamshwa. Sisemi amepona, ila milango usiku imepumzika. Baadae akatolewa mtoto wa jicho, akazidi kutulia.

Tabibu wa Zahanati
Ile saa inajirekebisha kwa mwanga unaopitia machoni. Lenzi ya mzee inakuwa ya njano, inazuia mwanga wa bluu, ambao ndo saa inauhitaji zaidi. Na nje hata Arusha ikiwa na mawingu ya mwezi wa saba mwanga ni mara nyingi kuliko sebuleni.

Mzee Njiro
Mnaongelea vidole, mie ni choo, kila usiku safari.

Tabibu wa Zahanati
Mzee shikamoo. Homoni inayopunguza mkojo usiku nayo inapoteza mpangilio uzeeni. Ila kapime sukari na tezi dume kwanza.

Mama Kibosho
Tabibu, nikifika hospitali saa sita watanikuta mikono mizima, si watasema kama watoto wangu?

Tabibu wa Zahanati
Ipige picha alfajiri kabla ya maji ya moto, mikono yote miwili, nenda nayo. Na uwaambie inaachia saa ngapi.

Mama Kibosho
Simu ipo, vidole vya kubonyezea ndo havipo saa hiyo. Itabidi nimwamshe mkwe.