Nataka kusomea mishahara ya vibarua. Kuna maisha humo?

BintiKatonga (Kigoma)

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, habari za siku.

Nina shahada ya kwanza ya uchumi, ajira rasmi sina. Namsaidia mama mdogo mahesabu pale mwalo wa Katonga: nani kaleta dagaa, nani kaanika, nani kachukua pesa mapema. Mwanamke anayeanika analipwa kwa siku. Kijana wa mtumbwini hashiki hata senti mpaka mafuta na gharama nyingine zitolewe, ndipo wagawane kilichobaki na mwenye chombo. Mbalamwezi ikikomaa hakuna anayeingia ziwani, na mgao haupo. Chuoni nilifundishwa kwamba mshahara ni pale mistari miwili, wa wanaotafuta kazi na wa wanaotafuta wafanyakazi, inapokutana. Hapa mwaloni sijauona hata mmoja.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa wavuvi mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, sikuacha kuandika. Kila niliyemfahamu nilimfuata nikamuuliza: sasa unafanya nini, unalipwaje? Wengi waliingia kwenye kukamua mawese huko Mwandiga na Simbo. Jirani yangu aliyezoea elfu tano kwa siku alikubali elfu tatu, maana nyuma yake palikuwa na wengine wanasubiri akatae.

Naomba kujua: wapo watu ambao kazi yao ya maisha ni kuchunguza mishahara? Wanaanzia wapi? Na daftari kama langu lina thamani yoyote, au ni umbea wenye tarehe?

Kamanda_Reli (Tabora)

Dada, pata ajira kwanza, ndipo uitafiti. Mimi nina uzamili na nauza kava za simu karibu na stesheni. Wanaolipwa kwa kuchunguza shida zetu wanapanda ndege, sisi tunajaza madodoso yao tukipewa soda.

MwalimuWaIsevya (Tabora)

Marahaba, binti yangu. Huyo wa kava za simu msikilize, ila usimtii.

Nimefundisha uchumi wa kazi chuo kikuu mpaka nikastaafu, sasa niko Isevya na miembe yangu. Nikuambie: umbea wenye tarehe ndiyo kazi yenyewe.

Yupo mwanauchumi David Card, aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Ontario, Kanada. Tarehe 1 Aprili 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Nadharia ilisema wafanyakazi watapunguzwa. Card na mwenzake Alan Krueger walipigia simu migahawa 410 ya chakula cha haraka, mingine New Jersey, mingine ng'ambo ya mpaka, mashariki ya Pennsylvania, ambako kima hakikuguswa. Walipiga kabla ya sheria kuanza, wakapiga tena mwisho wa mwaka. Asiyepatikana kwa simu alitumiwa mtu mlangoni, kwa sababu mgahawa uliofungwa nao ni jibu. Upungufu wa ajira uliotabiriwa hawakuuona. Makala ilitoka 1994, na ugomvi ukaanza. Wanauchumi wengine, Neumark na Wascher, walikuja na kumbukumbu za malipo zilizosema kinyume, wakajibiwa mwaka 2000 kwa takwimu nyingine. Card amewahi kueleza kwamba aliiacha mada ile, kwa sehemu, kwa kuwa ilimpotezea marafiki. Mwaka 2021 alipewa nusu ya Nobel ya uchumi. Krueger alikuwa ameshafariki, 2019.

Sasa fungua daftari lako. Una kabla, una baada, na una amri iliyotoka juu ambayo hakuna mwanika dagaa aliyeiomba. Unachokosa ni Pennsylvania, yaani mahali pa kulinganisha ambapo amri haikugusa. Usikimbilie Kasulu: kama vijana wa mitumbwi walikwenda kutafuta vibarua huko, basi mshahara wa Kasulu nao uliguswa. Ziwa Victoria pia lina mtego, kwa sababu dagaa wa Kigoma wakikosekana sokoni, wa Mwanza wanaweza kupanda bei, na malipo ya waanikaji wa kule yakafuata. Halafu Mei hadi Agosti ni kiangazi, kazi hubadilika kila mwaka ziwa likiwa wazi au limefungwa. Kwa hiyo nakuuliza: miezi hiyo hiyo ya 2023 uliiandika?

Mimi ujana wangu niliumalizia kwenye tumbaku ya Urambo. Kibarua anatoka Kigoma au Burundi, anafika kabla ya mvua, analima, anachuma, anajaza bani la kukaushia, anapanga madaraja. Pesa yake anaiona tumbaku ikishauzwa. Dodoso linauliza: "Mwezi uliopita ulilipwa shilingi ngapi?" Jibu la kweli ni sifuri. Ukiandika sifuri, umesema hana mshahara, na si kweli. Ukichukua malipo ya msimu ukayagawa kwa miezi, umeficha kwamba mtu huyu alimkopesha mwajiri nguvu zake bila riba, na kwamba unga na chumvi alivyochukua katikati vitakatwa kwa bei ambayo hakuipanga yeye. Soko likiharibika, hasara nayo inateremka hadi kwake. Nimebishana na wahakiki wa majarida kuhusu safu hiyo moja ya jedwali kuliko kuhusu kitu kingine chochote nilichoandika. Mmoja alinishauri niwaondoe wote wenye sifuri. Yaani nifute Urambo nzima, nibaki na makarani!

Mwanauchumi wa kumsoma kabla ya wote ni Arthur Lewis, mzaliwa wa Saint Lucia, 1915. Shule aliimaliza na miaka 14, akawa karani akisubiri umri wa kufanya mtihani wa ufadhili. Alitaka uhandisi, ila nani kule angemwajiri mhandisi mweusi? Akaenda London kusomea biashara. Katika makala yake ya 1954 alieleza kwa nini mashamba makubwa yanaweza kukua na mshahara usipande: mwajiri anatazama mtu huyu angepata nini akibaki kwao, anaongeza kidogo juu yake, Lewis alikadiria asilimia 30 hivi au zaidi, basi. Na hakuogopa kusema kwamba mwenye shamba kubwa ananufaika shamba la nyumbani likidumaa. Soma hilo ukiwakumbuka wazee wa Kasulu na Kibondo waliopakiwa treni kwenda kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, walipokuwa wakiandikishwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa 1944. Wale waliosubiri nyuma ya jirani yako huko Simbo, Lewis aliwaeleza, na 1979 alipata Nobel.

Njia? Uzamili hauepukiki. Ulizia programu ya pamoja ya vyuo inayoratibiwa na AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi Afrika iliyoko Nairobi. Kabla hujalipa ada yoyote, tafuta takwimu za Utafiti wa Nguvu Kazi za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ule wa 2014 na wa 2020/21, ujifunze R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu ambayo ni ya bure, upambane nazo. Nafasi za udadisi, yaani kuhoji watu kwa dodoso, zikitangazwa, omba. Mtu ambaye hajawahi kukaa na dodoso kwenye kigoda cha mtu atafundishaje mishahara? Ghorofa hutajenga kwa mshahara wa mhadhiri msaidizi. Kinachoua watafiti wetu wengi, hata hivyo, ni kazi za ushauri elekezi: ripoti ya wiki tatu inalipa vizuri, makala ya miaka minne hailipi kitu, na ada za watoto hazisubiri. Nimewazika wengi kwa namna hiyo wakiwa hai.

MamaTumbaku (Urambo)

Mwalimu, shikamoo. Umetusema sana waajiri. Na mimi nalipwa lini? Tumbaku naipeleka chama, mnunuzi anakuja anapotaka, malipo yanakaa. Mbolea nimekopeshwa, inakatwa kabla sijashika noti. Kibarua nitamlipa na nini Februari? Nikishapokea simcheleweshei hata siku moja, niulizie.

MwalimuWaIsevya

Marahaba, mama. Sikukusema wewe, ila maneno yako yanafaa kuingia kwenye utafiti wa binti huyu. Mkopo ule unaanzia kwa kibarua, unapita kwako, unapita chama, na anayekaa mwisho wa mnyororo ndiye mwenye benki. Takwimu za mishahara huwa zinakatia mlangoni kwako, hazikufuati sokoni.

Kamanda_Reli

Mwalimu, naomba swali. Mei Mosi ya 2025 pale Singida tulisikia kima cha chini cha serikali kinatoka 370,000 kwenda 500,000. Huyo Card si amesema ukipandisha hakuna anayeumia? Mbona vibarua wa hapa stesheni hawajaongezwa?

MwalimuWaIsevya

Card alisema alichokiona kwenye migahawa ile, kwa pandisho lile. Na kima ulichokitaja ni cha watumishi wa umma. Mpakia magunia wa stesheni si mtumishi wa umma. Maagizo ya sekta binafsi yapo, lakini nani anamkagua anayelipa kwa gunia?

BintiKatonga

Mwalimu, nakushukuru sana. Daftari langu linaanza Novemba 2023, kwa hiyo Mei yake sina. Ila mama mdogo ana vitabu vyake vya nyuma, vya waanikaji tu. Mgao wa mitumbwi haumo, manahodha wanahesabiana kwa mdomo.

MwalimuWaIsevya

Vya waanikaji vinatosha kuanzia. Usivinakili upya kwa unadhifu. Piga picha kila ukurasa, na palipofutwa pia, maana palipofutwa ndipo walipobishana. Manahodha wafuate mmoja mmoja wakati wa mbalamwezi, wana nafasi. Na wale waliolipwa dagaa badala ya pesa, mama mdogo aliwaandikaje?

BintiKatonga

Kwa sado, kopo la kupimia, Mwalimu. Bei ya sado ya siku hiyo ipo kwenye ukurasa wa mauzo, isipokuwa Jumapili, alikuwa hauzi.

MwalimuWaIsevya

Chukua ya Jumamosi, uandike pembeni kwamba umefanya hivyo. Nitumie picha za kurasa kumi za kwanza.