Ushauri jamani: nina rola la stimu la zamani hapa Malindi, spea nitatoa wapi?

Wa_Shella_Mld
Asalaam aleikum wadau na hamjambo wote. Kwenye kiwanja cha ami yangu, njia ya kwenda Mambrui, kuna rola la stimu, yaani la kuendeshwa kwa mvuke, limekaa tangu sisi wadogo, yale ya kutengenezea barabara zama za Mngereza, mbele pipa zima la chuma na juu yake farasi amesimama kwa miguu ya nyuma. Watu wa skrepa walikuwa wakilizengea kila siku, 2022 serikali iliposimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa ndo likapona, sasa ami kanambia shughulika nalo kabla sijabadilisha nia. Kibao cha shaba kimeng'olewa, geji ya presha hakuna, kioo cha kuonyesha maji hakuna, injekta ya kuingiza maji kwenye boila hakuna, bolti zimeliwa na kutu ya bahari. Silinda na krenki ziko, na flaiwili, lile gurudumu zito la pembeni, ukiipiga mtaimbo inasogea kidogo. Maduka ya spea hapa mjini wananicheka tu, mmoja kaniuliza ni ya Probox? Nataka liwashwe litembee. Naanzia wapi? Na msinambie niuze kwa kilo.

FundiChuma_Kisauni
Waaleikum salaam. Farasi huyo ni wa Aveling & Porter wa Rochester, Uingereza, na hao ndo waliotoa rola za stimu nyingi kuliko kiwanda chochote, kwa hivyo una bahati, wenye nalo huko nje ni wengi na wanapeana ramani za vipande. 1934 waliungana na Barford & Perkins ikawa Aveling-Barford, sasa usichanganye ukitafuta mtandaoni. Kibao kisikuumize kichwa, chukua brashi ya waya na mafuta ya taa usafishe ncha ya krenki na vyuma vya vali, namba ya kiwanda mara nyingi iligongwa huko pia. Ukiipata waandikie Road Locomotive Society kulekule Uingereza, wanatunza rekodi za viwanda hivyo. Duka la kuuza hakuna, spea za hili dude ni za kuchongwa.

Bint_Mambrui
Kaka kabla ya spea, hilo rola ni la nani? Kukaa kwenye kiwanja cha ami si hoja, mengi ya hayo yalikuwa ya serikali. Andikishaneni, usije ukalipaka rangi likang'ara ndo wenyewe wakajitokeza 😂

Wa_Shella_Mld
Karatasi ipo dada, babu alilinunua mnadani.

Babu_Loko
Mwanangu, mimi nimekula chumvi ya reli pale Mombasa kwenye boila miaka hiyo, nisikize. Usinunue hata nati moja kabla boila haijapimwa, maana silinda utachonga, gia utachonga, lakini boila ikiwa imekwisha hilo ni pambo la kuwekwa getini na pesa zako zimekwenda na maji. Ng'oa mabati ya nje kwanza, na hapo uwe mwangalifu sana, ile pamba iliyofunikwa chini yake kwa mitambo ya zamani yaweza kuwa asbesto, imwagie maji, vaa maski ya maana, watoto wasisogee. Kisha tazama chini ya tanuri pale majivu yanapokaa na unyevu, na chini ya kasha la moshi, huko ndo chuma huliwa kwanza. Tafuta mtu wa kupima unene wa bati kwa altrasoniki (mawimbi ya sauti), Mombasa wako, ndo wanaopima meli. Zikija namba nzuri, boila inajazwa maji baridi mpaka juu na kusukumwa kwa pampu ya mkono, kawaida mara moja na nusu ya presha ya kazi. Maji, si upepo! Boila ikipasuka na maji inavuja, ikipasuka na upepo wa kompresa inakuzika. Na mkaguzi awe yule aliyeidhinishwa na DOSHS, idara ya serikali ya usalama kazini, boila ya stimu haiwashwi kienyeji.

Jambo la pili, juu ya tanuri kuna plagi ina risasi katikati. Maji yakipungua risasi inayeyuka, mvuke unashuka kuzima moto. Nimeona watu wakiitoa wakatia bolti kwa sababu eti inavuja. Huyo anajitafutia mauti.

Spana_Kapera
Bolti ni rahisi bro, toboa upya ukate nyuzi kwa tapu za milimita, nyuzi za zamani ni usumbufu tu.

FundiChuma_Kisauni
Kapera tafadhali usimharibie mtu kazi. Hizo ni Whitworth, bolti za kipimo cha zamani cha Kiingereza, nyuzi zake zina pembe ya digrii 55, hizi za milimita na za Kimarekani ni 60. Na mtego ni huu: ukichukua bolti ya Kimarekani ya 5/8 au 3/4 hesabu ya nyuzi kwa inchi ni sawa na Whitworth, inaingia, unaona umepata. Ya nusu inchi ndo inakuumbua, Whitworth 12, Kimarekani 13. Hata zile zinazoingia hazikai sawasawa kwa sababu ya pembe. Tapu na dai za Whitworth bado zipo, uliza mafundi wazee wa lethi. Habari njema ni mabomba: nyuzi za BSP, kipimo cha Kiingereza cha mabomba wanachotumia mafundi wa maji, ni za ukoo huohuo wa digrii 55, fitingi zimejaa hadweya. Ila kwenye stimu usitie fitingi za bati jeupe wala vali za bomba la bafuni, tafuta zilizoandikwa presha ya mvuke.

Wa_Shella_Mld
Shukran sana. Je, maji ya kisima yanafaa? Na kuni je? Makaa ya mawe sijui ntayatoa wapi.

Babu_Loko
Visima vya Malindi vina chumvi, usithubutu. Chumvi na chokaa zinaganda ndani, bati linashika moto kupita kiasi, na maji machafu yanatoa povu, boila inatapika maji mpaka kwenye silinda. Maji hayabaniki, kifuniko cha silinda kinaruka. Kinga ya mvua masika, weka tangi. Kuni za mvinje zikikauka sawasawa zinatosha kulitembeza, utachochea sana tu.

Bint_Mambrui
Mvinje sasa bei ya dhahabu kwa wajenzi, na wewe watia motoni 🙈

Wa_Shella_Mld
Nimerudi. Namba imeonekana ncha ya krenki, nishaandika barua pepe. Mpimaji anakuja kutoka Mombasa. Wakati nasubiri naweza kufungua beringi za krenki? Moja imelika upande mmoja.

FundiChuma_Kisauni
Fungua, lakini kila kipande kigonge alama ya upande wake na ukipige picha kabla hakijatoka. Bushi za shaba nyeusi wanaochonga za propela za boti wanakuchongea bila shida. Ila uje na krenki yenyewe, usije na kipimo cha futikamba, shingo ya zamani hiyo haiko duara tena. Na oili ya silinda ni ile nzito ya stimu, namba ya uzito 460 au 680, ya gari inaoshwa na mvuke unabaki mkavu.

Spana_Kapera
Krenki hiyo ina kilo ngapi? Nina pikapu, naja Malindi Ijumaa.